Tumbo Linapouma Kila Baada ya Kula: Somo Kuhusu Utumbo Wenye Hisia Kali

Katika vibanda vya mama lishe vya Uyole, Mafinga au Ilula, hutokea mara nyingi kwamba watu wawili huketi meza moja, huagiza wali na maharage kutoka sufuria moja, kisha huinuka wakiwa na hali mbili tofauti. Mmoja hurudi kazini akiwa ameshiba. Mwingine, hata kabla hajanawa mikono, huhisi tumbo likikaza chini ya kitovu, likijaa na kunguruma, na macho yake huanza kutafuta kilipo choo. Maumivu hupungua akishakwenda haja. Baada ya siku chache hurudi tena, pengine kwa chakula kingine kabisa.

Kwa kuwa chakula kilikuwa kimoja na aliyeumia ni mmoja, jamii hutafuta maelezo yake. Wapo wanaosema ni gesi, wengine chango, wengine ngiri, wengine vidonda vya tumbo. Hununuliwa dawa za minyoo leo, za amiba wiki ijayo, za taifodi mwisho wa mwezi. Zote zikishindwa, maelezo huhama kutoka kwenye tumbo na kwenda kwa watu: mgonjwa amelishwa kitu. Hapo mke, mama mkwe au jirani aliyepika huanza kutazamwa kwa jicho la shaka, na tumbo la mtu mmoja hugeuka ugomvi wa ukoo mzima.

Sayansi ya tiba ina maelezo ya hali hii, nayo hayamhitaji mchawi wala mpishi mwenye nia mbaya. Ni ugonjwa wa utumbo mwepesi kukereka, ambao katika vyeti vya hospitali huandikwa kwa herufi tatu, IBS. Jina hilo halifurahishi sana, lakini linabainisha jambo la msingi: utumbo wenyewe haujatoboka, haujaota uvimbe wala haujaoza. Kilichobadilika ni namna unavyohisi na unavyojibu.

Kinachotokea chakula kikishuka

Kila mama aliyewahi kunyonyesha analifahamu jambo hili: mtoto akianza tu kunyonya, haukawii muda nepi huchafuka. Maziwa aliyonyonya dakika hiyo hayajafika popote. Bado yapo tumboni. Kilichofika ni ujumbe. Tumbo likianza kutanuka kwa chakula, neva na homoni hupeleka taarifa kwenye utumbo mpana kwamba mzigo mpya unakuja, nao utumbo mpana hujikaza ili kusogeza mbele mzigo wa zamani na kupisha nafasi. Mwitikio huo humpata kila binadamu, mkubwa kwa mdogo. Huanza dakika chache baada ya kula, huwa na nguvu zaidi asubuhi, na huongezeka mlo unapokuwa mkubwa au wenye mafuta mengi.

Ndiyo maana kauli inayosikika sana, kwamba "chakula kimepita moja kwa moja," si sahihi. Chakula huchukua takriban siku nzima, mara nyingine siku mbili au tatu, kusafiri kutoka mdomoni hadi mwisho wa utumbo. Anayekwenda haja robo saa baada ya chakula cha mchana anatoa mabaki ya jana au juzi. Kwa hiyo kumtuhumu aliyepika mchana huo, kwa ushahidi wa choo cha mchana huohuo, ni kumwonea.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Chakula kilichochafuliwa na vimelea kweli huweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache, lakini kwa kawaida huwapata wengi waliokila, kama inavyotokea mara nyingine misibani na harusini. Hilo likitokea, Afisa Afya wa Kata apewe taarifa siku hiyohiyo, na mabaki ya chakula yasimwagwe kabla hajafika. Utumbo mwepesi kukereka ni habari nyingine: humpata mtu yuleyule, hurudiarudia kwa miezi, na waliokula pamoja naye hubaki wazima.

Sauti ileile, sikio tofauti

Swali linabaki: ikiwa kila utumbo hujikaza baada ya mlo, kwa nini mmoja aumie na mwingine asihisi chochote?

Jibu la kwanza lilipatikana Uingereza. Mwaka 1973 mtafiti aitwaye Ritchie alichapisha matokeo ya jaribio la kutumia mpira mdogo uliojazwa hewa taratibu ndani ya sehemu ya chini ya utumbo mpana. Mpira ulipofikia ujazo wa mililita 60, ambao ni kama robo ya kikombe cha chai, watu 6 tu kati ya kila 100 wasio na ugonjwa walilalamika maumivu. Miongoni mwa wenye utumbo mwepesi kukereka, walioumia walikuwa 55 kati ya kila 100. Ujazo ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa katika kuhisi.

Jaribio jingine, la Chuo Kikuu cha Nottingham mwaka 2017, ndilo linalogusa moja kwa moja sahani ya mama lishe. Wagonjwa 29 na watu wazima wa afya 29 walinyweshwa vinywaji vyenye aina za wanga na sukari zinazochacha tumboni, ikiwemo inulini, ambayo ni jamii ya wanga unaopatikana kwenye vitunguu na ngano. Kisha matumbo yao yakapigwa picha kwa mashine ya MRI. Wengi wangetarajia kwamba wagonjwa wangeonekana na gesi nyingi zaidi. Haikuwa hivyo. Gesi na ujazo wa utumbo mpana vililingana katika makundi yote mawili, ila wagonjwa ndio walioumia zaidi. Anayesema "nina gesi nyingi kuliko wenzangu" huenda ana gesi ya kawaida kabisa, ndani ya utumbo uliofungua redio hadi mwisho wa sauti.

Kwa nini sauti ipande baada ya kula hasa? Kutanuka kwa utumbo ni sehemu moja ya jibu, na mafuta ni sehemu nyingine: yakifika katika utumbo mwembamba, huufanya utumbo mpana uwe mwepesi zaidi kuhisi hata mkazo mdogo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha sehemu ya tatu mwaka 2021. Walidunga kiasi kidogo sana cha viini vya ngano, soya na maziwa kwenye ngozi laini ya ndani ya utumbo wa wagonjwa 12 na watu wazima wa afya 8. Wagonjwa wote 12 walipata mwitikio kwa angalau kiini kimoja. Kwa wenye afya, ni wawili tu. Mwitikio huo ulikuwa palepale utumboni, bila dalili za mzio wa kawaida, yaani bila vipele na bila kuvimba midomo.

Katika maabara hiyohiyo, panya waliopewa protini ya yai wakati wana maambukizi ya bakteria tumboni walipona maambukizi, lakini baadaye protini ileile iliwaletea maumivu. Ni kana kwamba kinga ya mwili iliwakamata mwizi na mpita njia kwa pamoja, na tangu siku hiyo ikawa inampigia mpita njia kelele kila anapopita.

Mahali unapoanzia

Panya hao wanaeleza jambo ambalo wagonjwa wengi hulisimulia wenyewe: "tumbo langu halijawa sawa tangu nilipougua kuhara." Uchambuzi wa tafiti 45 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 10 wanaougua maambukizi ya tumbo hubaki na dalili za utumbo mwepesi kukereka mwaka mmoja baadaye.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada. Mei 2000, maji ya bomba ya mji huo yalichafuliwa na kinyesi cha mifugo kilichosombwa na mvua hadi kwenye kisima. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 wakafariki. Madaktari waliendelea kuwafuatilia waliopona, na miaka miwili hadi mitatu baadaye walikuta watu 28 kati ya kila 100 waliougua wana utumbo mwepesi kukereka. Baada ya miaka 8 idadi ilishuka hadi 15 kati ya kila 100. Kwa hiyo wengi hupata nafuu, ila kwa mwendo wa miaka.

Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, habari ya Walkerton si ya mbali kama ramani inavyoonyesha. Mvua za masika zinapoteremka kwenye miteremko ya Rungwe au Udzungwa, hupita mashambani, mazizini na kwenye vyoo visivyofunikwa kabla ya kuingia kwenye vijito na visima. Kuchemsha maji, kujenga choo chenye mfuniko na kunawa mikono kwa sabuni huzungumzwa kila mwaka kwa sababu ya kipindupindu. Hata kuhara kwa siku tatu ambako hakumlazi mtu hospitalini kunaweza kuuachia utumbo hasira ya miaka.

Si wote wanaoanzia huko. Wengine dalili huanza wakati wa msiba, madeni, mitihani au ugomvi wa nyumbani, kwa kuwa ubongo na utumbo huwasiliana kwa neva saa zote. Kusema hivyo si kusema mgonjwa anajifanya au kwamba ugonjwa "uko kichwani." Maumivu ni ya kweli, nayo hupita katika neva za kweli.

Kwa muda mrefu iliaminika pia kwamba Mwafrika hapati ugonjwa huu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, alieneza wazo kwamba watu wa vijijini Afrika, kwa kula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, wameepukana na maradhi mengi ya utumbo yanayowasumbua Wazungu. Wazo hilo lilikuwa na faida zake. Lakini lilipochukuliwa kama kanuni, mgonjwa wa huku alikosa jina la ugonjwa wake, na aliyekosa jina alipewa dawa ya ugonjwa mwingine. Mwaka 2002 madaktari wa Nairobi walichapisha utafiti juu ya utumbo mwepesi kukereka miongoni mwa Wakenya. Uchunguzi wa nchi 33 uliochapishwa mwaka 2021, zikiwemo Ghana na Nigeria, uliukuta kwa takriban watu 4 kati ya kila 100 waliojibu kwa intaneti, na chini ya 2 kati ya kila 100 waliofuatwa majumbani. Pengine tofauti hiyo inaeleweka: si wengi walio tayari kumweleza mgeni sebuleni habari za choo.

Si kila tumbo linalouma ni hili

Daktari huzingatia vigezo maalumu kabla ya kuutaja ugonjwa huu. Maumivu yawe yanatokea angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na dalili ziwe zilianza si chini ya miezi sita nyuma. Tena maumivu yaambatane na mambo mawili kati ya haya: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, au kubadilika kwa hali ya kinyesi, kiwe laini kama uji au kigumu kama mavi ya mbuzi.

Zipo dalili ambazo hazitokani na utumbo mwepesi kukereka, na yeyote mwenye hata moja asijitibu nyumbani. Nazo ni damu katika kinyesi au kinyesi cheusi kama lami, kupungua uzito pasipo kujinyima chakula, homa inayoendelea, kuamshwa usingizini na maumivu au kuharisha, kutapika mara kwa mara, macho kuwa ya manjano, upungufu wa damu, na uvimbe unaopapaswa tumboni. Mtu aliyevuka miaka 50 na hajawahi kusumbuliwa na tumbo achunguzwe mapema, vivyo hivyo mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani ya utumbo. Mwanamke wa umri huo ambaye tumbo linajaa kila siku na hula kidogo tu akashiba, achunguzwe pia mfuko wa mayai ya uzazi.

Mazingira ya mikoa hii yana maradhi yake pia. Kifua kikuu huweza kukaa tumboni badala ya mapafuni. Tegu wa nguruwe yupo katika Nyanda za Juu Kusini, na nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri ndiyo njia yake. Minyoo na kichocho havijatoweka. Kipimo cha choo ni rahisi, na ni busara kukifanya kabla ya kumeza dawa.

Taifodi inastahili neno la peke yake. Wagonjwa wengi wa tumbo huambiwa wana taifodi kwa kipimo kimoja cha damu kiitwacho Widali. Kipimo hicho hutafuta alama za kinga, na alama hizo huweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, au kuletwa na vimelea vingine; ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikitegemei. Taifodi huja na homa inayopanda siku hadi siku. Mtu asiye na homa, ambaye "taifodi" yake imerudi mara sita kwa mwaka na kila mara baada ya kula, ana haki ya kumuuliza tabibu kama kuna maelezo mengine. Dawa za kuua bakteria zinazotumika bila sababu humla fedha, huua bakteria wenye manufaa tumboni na huwazoesha wabaya kuhimili dawa. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza huduma karibu na vijiji, lakini mwuza dawa hawezi kufanya kazi ya maabara kwa kumsikiliza mteja dirishani.

Jikoni

Katika utafiti uliofanywa Gothenburg, Sweden, na kuchapishwa mwaka 2001, wagonjwa 63 kati ya kila 100 walisema dalili zao zinahusiana na chakula. Hatari ya kujua hivyo ni kwamba mtu huanza kufuta vyakula kimoja baada ya kingine, hadi anabaki na ugali na chumvi. Hilo ni kosa, na pengine ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu utumbo huu hauumizwi na chakula kama sumu inavyoumiza. Unakerwa na kiasi, na mafuta, na mchachuko. Hivyo vitatu vinaweza kupunguzwa bila kuifunga meza.

Aanze na ukubwa wa mlo. Sahani moja iliyofurika mchana, baada ya kushinda na njaa tangu alfajiri, ndiyo inayoukaza utumbo kuliko zote. Chakula kilekile kikigawanywa mara mbili au tatu hutuliza. Chipsi mayai, maandazi na nyama ya kukaanga vipungue, hasa kabla ya safari. Chai na kahawa nzito huamsha utumbo, hivyo asubuhi ya kusafiri kutoka Mbeya hadi Iringa kikombe kimoja chepesi kinatosha.

Vyakula vikuu vya huku, kwa bahati njema, ni vipole. Ugali wa mahindi, wali wa Kyela au Usangu, viazi mviringo na ndizi mbichi za kupika kutoka Rungwe havichachi sana kwa wengi. Samaki, mayai na nyama isiyo na mafuta vivyo hivyo. Vinavyochacha zaidi ni maharage, njegere na kunde, vitunguu maji na vitunguu saumu, ngano kwa wingi kama vile chapati tatu kwa mpigo, maembe, mapeasi, matufaa na parachichi zima. Ulanzi na pombe nyingine zinazoendelea kuchacha huingia tumboni na gesi yake, tena pombe yenyewe huukera utumbo.

Maharage yasifutwe. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya hadi yalainike kabisa, kisha yaanze na vijiko viwili vitatu badala ya bakuli. Sehemu ya sukari inayochacha hutoka na maji yaliyomwagwa. Kitunguu kinaweza kukatwa vipande vikubwa, kikakaangwa kwenye mafuta kidogo na kutolewa kabla ya kutia maji au nyanya. Harufu hubaki kwenye mafuta, na wanga unaochacha, ambao huyeyuka katika maji wala si katika mafuta, huondoka na kitunguu. Ni hila ndogo ambayo mpishi yeyote anaiweza.

Maziwa yana historia yake. Utafiti wa mwaka 2007 ulioongozwa na Sarah Tishkoff, kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudani, ulibainisha chembe za urithi zinazowawezesha baadhi ya Waafrika Mashariki, hasa wa jamii za wafugaji, kuendelea kumeng'enya sukari ya maziwa ukubwani. Wasio na urithi huo hujaa tumbo kwa maziwa freshi. Kwao maziwa ya mgando ni afadhali, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo.

Dona nalo huulizwa sana. Ni unga bora kuliko sembe kwa walio wengi. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza wa mwaka 1994 ulikuta kwamba pumba za ngano ziliwazidishia taabu wagonjwa 55 kati ya kila 100 wa utumbo huu na kuwasaidia 10 tu. Anayejaa tumbo kwa dona achanganye nusu kwa nusu na sembe kwa wiki mbili na aangalie tofauti. Nyuzinyuzi laini za shayiri, karoti na mboga zilizopikwa hubebeka kwa urahisi zaidi.

Kila badiliko lijaribiwe peke yake, na liandikwe kwenye daftari: saa ya kula, kilicholiwa, kiasi, na kilichofuata. Chakula kilichoondolewa kirudishwe baada ya wiki nne hadi sita kwa kiasi kidogo, ili ijulikane kama kweli ndicho. Afisa Lishe wa Halmashauri anaweza kusimamia zoezi hilo.

Na sufuria ya familia isiguswe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa watoto takriban 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30. Katika mkoa wenye chakula tele, hilo ni jambo zito. Baba mwenye tumbo linalomsumbua akiamuru maharage, maziwa na parachichi visiingie tena nyumbani, nafuu yake inalipwa na watoto. Aliye na tumbo ndiye apunguze kwenye sahani yake.

Dawa na zahanati

Hakuna kidonge kinachoung'oa ugonjwa huu, lakini zipo dawa zinazoshusha sauti ya redio. Za kulegeza mkazo wa utumbo humsaidia anayekabwa na maumivu baada ya kula. Mwaka 2023, utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 463 ulionyesha kwamba amitriptilini kwa dozi ndogo, chini kabisa ya ile anayopewa mgonjwa wa sonona, ilipunguza dalili zaidi ya kidonge kisicho na dawa. Dawa hiyo hutolewa na daktari pekee. Haimfai kila mwenye maradhi ya moyo, na ni ya hatari ikimezwa na mtoto. Akiandikiwa, mgonjwa asidhani ameonekana mwendawazimu. Dawa ileile hutuliza neva za utumbo. Mizizi na magome yanayoharisha, yanayouzwa kwa jina la kusafisha tumbo, huutia utumbo uliokwisha kukereka kasi mpya.

Choo nacho ni tiba, ingawa hakiandikwi kwenye cheti. Wapo wanaoshinda na njaa sokoni au kwenye basi kwa kuogopa kushikwa njiani, kisha wakala mlo mkubwa usiku na kuumia mara mbili. Kampeni ya Nyumba ni Choo iliziangalia zaidi kaya. Kwa watu hawa, choo kilicho wazi, safi na chenye maji katika stendi, mnada na shule kina uzito uleule. Mkazi anayekuta choo cha umma kimefungwa saa za kazi alipeleke suala hilo kwa Mtendaji wa Kata, au alisimamishe kwenye mkutano wa kijiji.

Safari ya matibabu ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Penye dalili za hatari, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa, na ikihitajika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mwenye bima aende na kadi. Kila mgonjwa aende na daftari lake la wiki mbili, vyeti vya vipimo vyote vya mwaka uliopita, na maboksi ya dawa alizokwisha kutumia, zikiwemo za kienyeji. Amtajie tabibu mambo matatu hata kama hakuulizwa: lini maumivu yalianza, kama yaliwahi kumwamsha usiku, na kama uzito umepungua. Habari za choo azieleze bila haya. Tabibu amezisikia tangu asubuhi.